Kauli ni ya Waliochimba

Lazaro alipotamka kwamba kauli ni ya waliochimba, Ezron alitazama viganja vyake, kisha akatazama njia ya kupanda kwenye lami. Ndivyo alivyokuwa. Neno likimchoma, macho yake hutafuta pa kutokea.

Mkutano ulikuwa umekaa kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, hapo mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, si ile ya pwani, Jumapili baada ya ibada, na watu walikuwa wamebishana mpaka ukungu ukachoka ukaondoka. Shauri lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Tangu biashara ifunguliwe, malori ya Dar es Salaam yalikuwa yanafika Tukuyu kufuata ndizi, lakini yaliishia juu kwenye lami, na watu wa bondeni walipandisha mikungu kichwani kwenye kilima chenye utelezi. Tajiri mmoja mwenye malori akawaambia, nipanulieni hiyo njia yenu ya miguu nitashuka mwenyewe mpaka mlangoni. Sasa njia hiyo ilipita ubavuni mwa nyumba aliyoiacha marehemu baba yake Ezron. Ikipanuliwa kwa kamba iliyonyooka ingekula migomba kumi na minane, na katikati ya migomba hiyo ndipo alipolala mzee mwenyewe.

Barabara ipite juu ya kaburi au isipite. Kwa Ezron shauri lilikuwa hilo tu, mengine yote yalikuwa kelele.

Lakini kilichowashinda watu haikuwa barabara. Kilichowashinda ni nani aamue. Miaka ya nyuma balozi wa nyumba kumi angewaita, angesema lake, watu wangenung'unika njiani wakirudi, basi. Mwaka huo vyama vilikuwa vimeshakuwa vingi, na balozi akimwita mtu aliulizwa kwanza, wewe ni balozi wa nani? Wenye nyumba walisema kauli ni yao, maana mpangaji analala hapa leo, kesho godoro lake liko kichwani. Wapangaji wakajibu kwamba matope hayamuulizi mtu hati ya nyumba. Mwingine akasema waamue wenye migomba, na fundi cherehani akataka kujua kama asiye na mgomba hutembea angani.

Ndipo Lazaro akasimama. Lazaro alitunza zana za mazishi za mtaa mzima, machepe manne, sululu mbili na kamba za kushushia jeneza, zote ndani ya stoo yake, na kwa miaka ishirini hapakuzikwa mtu pale kabla hajafungua kufuli. Majina ya waliochimba hakuyaandika popote. Aliyajua tu, kama mtu anavyowajua ng'ombe wake.

"Mtaa ni watu wanaozikana," alisema. "Aliyechimba kaburi hapa ana kauli hapa. Ambaye hajachimba akae asikilize, hatumfukuzi."

Atupele, dada yake Ezron, aliuliza bila kuinuka alipokaa, na maji ya kuoshea maiti yanajileta yenyewe? Lazaro akakuna shingo. Akasema haya, waliochimba na waliochota. Wanawake wakaguna kwa pamoja, kuguna kwa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Wakaanza kuhesabiana. Mwalimu Benson, Mnyaturu wa Singida, mpangaji wa chumba kimoja nyuma ya duka, alikuwa amechimba makaburi manne, akapewa kauli. Fundi cherehani, mawili, akapewa. Ilipofika zamu ya Ezron, mtoto wa palepale, kitovu chake kimezikwa palepale, Lazaro alimtazama kwa muda kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni na kuikosa.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu yuko mwaka wa tatu, jembe bado liko safarini."

Wakacheka, na kicheko hakikuwa cha ubaya sana, ndiyo maana kiliuma. Mkutano ukaahirishwa Jumapili mbili, wenye kauli wakafikiri.

Ezron alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kumi na tisa alikuwa nayo alipoondoka. Amekata miwa Kilombero, amechimba shaba Zambia, ameuza mkaa, ameuza saa zisizokwenda, na kila mji alipoanza kujulikana jina aliondoka. Baba yake alipofariki mwaka themanini na nne yeye alikuwa Kitwe, na barua ilimfikia baada ya miezi miwili, imezunguka kambi mbili kabla ya kumpata. Aliporudi hatimaye alikuta kila kitu kimehama. Shule imehamia ng'ambo, mama amekwisha kufa naye, wenzake wamekuwa wazee wa kanisa. Kaburi la baba ndilo pekee lililokuwa mahali alipoambiwa lipo.

Na katika miaka hiyo mitatu mtaa ulikuwa umezika watu saba. Kila mara Ezron alikuwa Kasumulu, mpakani, kufuata vitenge na sabuni. Siku za msiba mpaka ulimwita kwa sauti zaidi. Uvivu haukuwa tabia yake, aliyechimba shaba hawezi kuogopa futi sita za udongo. Ila akiona watu wamesimama kulizunguka shimo alijisikia amechelewa, hata kama amewahi, na miguu ikaanza kumuwasha.

Jioni ile alimkuta Atupele anachambua maharage. Atupele ndiye aliyebaki nyumbani miaka yote hiyo; aliwauguza wazazi, akawazika, akaitunza migomba. Ezron akamwomba, kwa kuwa yeye ana kauli, amsemee.

"Nitasema langu," Atupele alijibu.

"Hilo lako ni lipi?"

"Utalisikia pamoja na wengine."

Akatoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Dada yake akamwambia akae chini, anamtia kizunguzungu.

Wazo lilimjia akiwa amesimama kando ya kaburi, na lilipomjia alilikana. Wiki mbili. Mtu akipewa wiki mbili, mtaa una watu wengi, wazee ni wengi, baridi ni kali. Hakulimaliza. Lakini kesho yake asubuhi alijikuta yuko njiani kwenda Makandana, hospitali, na chupa ya uji mkononi.

Aliyelazwa kule alikuwa mzee Asajile, jirani wa nyumba ya tatu, kifua kimembana. Asajile alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na mtaani hapakuwa na mtu aliyechimba makaburi mengi kumshinda. Ezron akampelekea uji Jumatatu. Akampelekea Jumanne. Alhamisi mke wa mzee, mama Anneth, aliwaambia wanawake wa wodini kwamba watu husema huyu bwana hana utu, waje waone. Ezron akainamisha kichwa, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Ijumaa alikaa kwenye kiti miguuni pa kitanda. Mzee alikuwa amefumba macho, pumzi inakwenda kama msumeno kwenye mti mbichi. Kisha akasema bila kufumbua macho:

"Ezron. Mbona unanitazama sana miguu? Unanipima urefu?"

Uji ukamwagika. Asajile akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na nesi akaja kumkalisha. Alipotulia alimwambia Ezron asijali, yeye mwenyewe amewapima wengi, jicho la mchimbaji haliwezi kujizuia. Ezron akataka kusema si hivyo, tata, si hivyo, baba. Hakusema, kwa sababu ilikuwa hivyo.

Jumanne iliyofuata mzee alipona akaruhusiwa. Ezron alikutana naye anateremka kilima taratibu, ameshikwa mikono na watu wawili. Akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, ndaga, Bwana ni mwema. Na maneno yakiwa bado mdomoni, alisikia kitu kinaanguka ndani yake kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Alikuwa amesikitika. Jirani yake amepona, na yeye amesikitika. Siku hiyo alitembea mpaka mashamba ya chai na kurudi, bila haja yoyote kule.

Alhamisi asubuhi begi lake lilikuwa tayari mlangoni kwa safari ya Kasumulu. Alikuwa anafunga kamba za viatu aliposikia kilio. Kilikuwa cha wanawake wengi, kirefu, na kilitoka nyumba ya tatu.

Hakufikiri. Aliacha begi palepale, akachukua jembe nyuma ya mlango, akakimbia. Alikatiza migombani, umande ukamlowesha mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Ezron alifika kwenye msiba kabla ya wanaume wenzake.

Asajile alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, amejifunika blanketi, anapumua.

Wanawake walimwona Ezron, wakaona na jembe, na kilio kikakatika, mmoja mmoja, mpaka pakabaki kuku tu wanaoparura.

Mtu mwingine yeyote wa pale, hata mtoto wa darasa la pili, angejua. Haendi mtu msibani na zana kutoka kwake. Mnakwenda mikono mitupu, mnawapa pole wafiwa, mnakaa, mnalia au mnanyamaza. Kisha wenye nyumba wanaonyesha mahali, na ndipo Lazaro anakwenda kufungua stoo. Zana za kaburi zinatoka kwa Lazaro zinarudi kwa Lazaro, ili nyumba ya mtu isilale na chuma kilichozika. Ezron hakujua, maana hakuwahi kuwepo. Na hapo hata maiti haikuwepo. Alikuwepo mgonjwa aliyetoka hospitali juzi, na mtu mlangoni kwake ameshika jembe.

Asajile alilitazama jembe, akamtazama mwenye jembe.

"Umewahi," alisema.

Mama Anneth akawageukia wenzake polepole. "Mmemwona yule aliyekuwa analeta uji hospitali?" aliuliza. "Kumbe alikuwa anakuja kukagua."

Watu walikuwa wameanza kuingia uani. Wengine walisema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, maneno ambayo Ezron alitamani angekuwa ameyasahau huko alikotembea. Njia ya kutokea ilikuwa nyuma yake, wazi, na begi liko tayari. Miguu haikusogea. Miguu iliyomtoa Kilombero, iliyomtoa Kitwe, siku hiyo ilisimama kama imepandwa.

Mzee akainua mkono, wakanyamaza. Akaeleza kwamba kilio kile ni cha dada yake wa Kisiba, taarifa imekuja alfajiri, amefariki. Wanajiandaa kwenda. Kisha akamwambia Ezron:

"Jembe likishatoka nyumbani kwa kazi hiyo halirudi bila udongo. Utakwenda nalo Kisiba."

Walikwenda kwa pikapu, wamebanana, na hakuna aliyekaa karibu na Ezron ila Asajile. Kisiba msiba ulikuwa juu ya ukingo wa ziwa. Migombani unayaona maji chini kabisa, meusi, yametulia kama jicho la ng'ombe. Wenyeji walionyesha mahali. Udongo wa juu ulikuwa laini, kisha ikaja changarawe ya volkano inayobomoka kila unapoigusa, kisha mwamba. Walichimba kwa zamu. Ezron alichimba zamu yake, akachimba na ya mwingine, malengelenge yakatumbuka, na alipoambiwa atoke alikuwa amefika kifuani na hakusikia.

Alipotoka Asajile alimwita akae kando yake. Akamsimulia, kama mtu anayesimulia mavuno ya mwaka fulani, jinsi walivyomchimbia baba yake. Siku mbili. Mvua ya mwezi wa nne. Shimo linajaa, wanateka maji kwa ndoo, wanachimba, linajaa tena. Lazaro kidole kilipasuka, mpaka leo hakikunjiki sawa.

"Na tulikuwa tunasema, vumilia, mwanao yuko njiani," Asajile alisema.

"Sikuwa njiani, tata. Barua haikuwa imenifikia."

"Tulijua. Hatukuwa tunajiambia sisi. Tulikuwa tunamwambia yeye."

Ezron akalitazama ziwa. Kisha aliuliza mzee analionaje shauri la barabara. Asajile hakuzunguka. Anaitaka. Walipompeleka hospitali walimbeba kwa machela, na kwenye kile kilima chenye utelezi aliangushwa mara mbili, ya pili akajiona amekwisha kufa. Ipite. Hata ingekuwa kaburi lake yeye, ipite.

Maneno hayo waliyasikia wao wawili tu.

Jumapili watu walijaa kwenye uwanja wa mashine mpaka wengine wakakaa juu ya magunia ya pumba. Mtu akauliza kama Ezron sasa amechimba. Lazaro akasema kaburi la Kisiba ni la Kisiba, akatafute kauli kule. Wengine wakasema udongo ni udongo. Fundi cherehani akasema kama ni hivyo yeye amechimba Chunya pia, apewe kauli ya dhahabu. Ikawa vurugu, na Ezron alikaa kwenye ukingo wa duara, mikono imefungwa matambara, goti linacheza.

Wenye kauli wakaanza kusema. Wengi walitaka barabara iliyonyooka kama ilivyopimwa. Wachache walisema kaburi ni kaburi. Atupele zamu yake ilipofika alisema anangoja. Ikaja zamu ya Asajile.

"Kifua changu leo hakina upepo," mzee alisema, na kweli alisikika kwa shida. "Kauli yangu ataisema Ezron. Tulizungumza Kisiba. Aseme yangu, siyo yake."

Akafumba macho.

Ezron alisimama. Aliona jambo moja wazi kuliko alivyowahi kuona jambo. Angeweza kusema chochote. Kauli ya Asajile ilikuwa nzito kuliko za watu watano pale. Mzee akisema kaburi lisiguswe, nusu ya waliosema ndiyo wangegeuka. Hakuna shahidi. Mzee mwenyewe amefumba macho kama amelala, na kifua hakina upepo wa kubisha. Nyuma ya watu njia ya kupanda kwenye lami ilionekana, nyeupe, na basi la Kyela lilikuwa linapiga honi.

"Mzee Asajile anasema barabara ipite," Ezron alisema. "Anasema walimwangusha mara mbili kwenye kilima. Anasema ipite hata ingekuwa juu ya kaburi lake yeye."

Alikaa chini. Asajile alifumbua jicho moja, akalifumba.

Hata mama Anneth, ambaye tangu Alhamisi alikuwa hamtazami, alimtazama. Kisha Lazaro akakohoa, akasema kama mtu anayekasirishwa na mvua:

"Na la kwako? Lisemwe, lakini fupi."

Mtu akapinga, kwamba utaratibu ni utaratibu. Mwalimu Benson akasema yeye alipofika mtaani hajachimba hata shimo la taka, alilalamikia maji machafu na walimsikiliza. Lazaro alikuwa anamngoja Ezron.

Na Ezron, aliyekuwa amepanga maneno kwa wiki mbili, alikuta machache tu. Alisema alikotoka kila kitu kilihama, na aliporudi kila kitu kilikuwa kimehama. Kile kimoja kilimsubiri. Anaomba kisihamishwe.

Ndipo Atupele akainuka, akipangusa pumba kwenye kitenge.

"Mimi ndiye ninayefagia pale," alisema. "Huyu analiota, mimi nalifagia. Mmepima kamba kutoka mferejini kwa sababu mpimaji aliogopa umande. Ipindisheni upande wa juu, ukingoni, pale kaka anaposema atajenga chumba chake. Lori linapita. Ila ule ukingo wote ni wa kuchimbwa, na achimbe yeye."

Kicheko kilichotoka hapo kilianzia kwa wanawake kikazunguka duara lote, na Asajile alicheka akiwa amefumba macho, akakohoa, akapigwa mgongo. Wakakubaliana. Mpaka mvua kubwa zianze, Ezron awe amekata kona. Lazaro akamwambia aje kuchukua chepe. Kisha akakumbuka, akasema hapana, hiyo si kazi ya kaburi, atumie jembe lake lile linalowahi.

Alikata ukingo kwa wiki tatu. Siku za Kasumulu zilipita juu yake, mabasi yakipiga honi kwenye lami, na kila honi alisimama, akafuta jasho, akaangalia juu, akarudi kuchimba. Aliitupa kwa mikono yake mwenyewe ardhi ambayo alikuwa ameipimia chumba, mlango na dirisha la kutazama mlima. Jioni mmoja mmoja alikuja na chombo chake akamsaidia kidogo, bila kusema sana. Lori la kwanza liliposhuka Desemba, dereva alitoa kichwa nje kwenye ile kona akataka kujua ni mlevi gani aliyechora barabara hii. Wakamwonyesha Ezron.

Mwezi wa tatu, mvua imetanda, Ezron alikuwa amesimama mlangoni na begi begani. Kilio kikaanza nyumba ya tatu. Safari hii hapakuwa na wa kuuliza. Barabara ilikuwa imemsaidia mzee Asajile mara moja, Januari, gari lilipomfikisha Makandana, na mara ya pili haikuwa kazi ya barabara.

Alitua begi. Jembe lilikuwa nyuma ya mlango, akaliacha. Alipita kwa njia ya watu wote, kwenye kona yake mwenyewe, maji yanatiririka mferejini, na alipoingia uani alikuwa mtu wa nne. Mama Anneth aliitazama mikono yake kwanza. Ilikuwa mitupu. Akampa mkono, Ezron akampa pole, akaenda kukaa kwenye benchi la wanaume.

Miguu ilikuwa bado inamuwasha. Akaikunja chini ya benchi, akamsubiri Lazaro afungue stoo.